Unameza dawa za maumivu kazini? Jua haki zako

Je, msomaji, umewahi kumeza tembe za kutuliza maumivu asubuhi, ukaingia kazini, na kabla ya saa nne macho yakawa mazito na kichwa kikazunguka? Kama umewahi, basi unaielewa shida ya wafanyakazi wengi mijini. Mgongo unauma, jino limeng'olewa jana, kidonda cha upasuaji bado kibichi, lakini kodi ya nyumba na karo ya watoto havimngoji mtu apone. Basi mtu hujikaza, humeza dawa na kwenda zake kazini.

Hapo pana hatari mbili. Ya kwanza ni ya mwili. Mtu mwenye usingizi akisimama mbele ya mashine, akipanda ngazi ya mjengo au akishika usukani wa matatu, anaweza kujiumiza na kuwaumiza wengine. Ya pili ni ya kibarua chenyewe. Msimamizi akimwona mtu anasinzia na kuyumba, ni rahisi kudhani amelewa, na ulevi kazini ni miongoni mwa makosa yanayoweza kumfanya mtu afutwe papo hapo.

Habari njema ni kwamba sheria za Kenya zinamlinda mgonjwa anayetumia dawa kwa maagizo ya daktari. Hata hivyo, ulinzi huo humfaa zaidi yule aliye na karatasi mkononi na aliyesema mapema. Anayenyamaza hadi aitwe ofisini hujikuta akijitetea kwa maneno matupu.

DAWA HAZIFANANI

Kwanza jua unachomeza. Parasitamoli, ambayo huuzwa kwa majina mengi madukani, kwa kawaida haileti usingizi. Hatari yake ni kuzidisha. Mtu mzima hapaswi kupita gramu 4, yaani tembe 8 za miligramu 500, kwa saa 24. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua na za kichwa zina parasitamoli ndani yake. Ukichanganya mbili bila kusoma pakiti unaweza kuliharibu ini bila kujua.

Kundi la pili ni ibuprofen na diclofenac. Hizi hupunguza uvimbe na maumivu ya viungo, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au shinikizo la damu amweleze daktari kabla ya kuzitumia.

Kundi la tatu ndilo lenye mashaka zaidi kazini. Humo mna kodini, tramadol na mofini. Daktari huzitoa kwa maumivu makali: baada ya upasuaji, mfupa unapovunjika, kwa wagonjwa wa saratani, na kwa watu wenye ugonjwa wa selimundu ambao hushikwa na maumivu ya ghafla. Dawa hizi huleta usingizi, kizunguzungu, kichefuchefu na kufunga choo. Usingizi huwa mwingi zaidi siku za kwanza na kila kipimo kinapoongezwa. Ukizichanganya na pombe au dawa za usingizi, zinaweza kupunguza pumzi hadi mtu akafa.

Aidha, zipo dawa zinazotolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, kama amitriptyline, gabapentin na pregabalin. Hizi pia huleta usingizi, ingawa watu wengi hawazihesabu kuwa dawa kali.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria kuu ni Sheria ya Ajira ya 2007. Sehemu ya 30 yasema kwamba mfanyakazi aliyemtumikia mwajiri wake miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku nyingine 7 kwa nusu mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12. Mkataba wako au ule uliotiwa saini na chama cha wafanyakazi unaweza kukupa siku zaidi, lakini hauwezi kukupa chache kuliko hizo.

Yapo masharti mawili. Ni lazima umjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo, na ni lazima ulete cheti kilichotiwa saini na daktari aliyehitimu, au na mtu anayesimamia zahanati kwa niaba ya daktari. Kipande cha karatasi kutoka kwa muuza dawa mtaani hakitoshi.

Na wewe kibarua wa kila siku usidhani umeachwa nje. Sehemu ya 37 yasema kwamba ukifanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo jumla yake si chini ya mwezi mmoja, unahesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Ukifikisha miezi miwili mfululizo, unastahili haki zile zile ambazo ungepata kama hukuanza kama kibarua. Hata yaya na mtumishi wa nyumbani analindwa na sheria hii.

Juu ya hayo kuna Katiba ya 2010. Kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali yake ya afya. Kifungu cha 31 kinalinda siri za mtu, na kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa kwa haki kazini.

Je, ukipatikana na tembe za mofini mfukoni? Sheria ya Dawa za Kulevya ya 1994 haimhukumu mgonjwa aliyepewa dawa na daktari kwa matibabu yake. Lakini utahitaji kuonyesha maagizo hayo. Mtu aliyenunua dawa hiyo hiyo kichochoroni, au aliyepewa na rafiki, hana ngao hiyo.

NI LAZIMA NIMWAMBIE MKUBWA WANGU?

Swali hili huwasumbua wengi. Jibu lina sehemu mbili, nazo usizichanganye.

Ugonjwa wako ni siri yako. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu wa afya atunze siri ya mgonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka habari za afya katika kundi la habari nyeti. Msimamizi hana ruhusa ya kutangaza mbele ya wenzako kwamba una saratani au selimundu. Wala hana sababu ya kumpigia daktari wako simu akamhoji bila idhini yako.

Lakini usalama si siri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka kila mfanyakazi alinde usalama wake na wa wenzake, na kuripoti jambo analoamini linaweza kuleta hatari. Ikiwa kazi yako ni kuendesha lori, forklifti au mashine ya kukata, kuchomelea vyuma, kufanya kazi mahali pa juu au kupimia wagonjwa dawa, basi dawa inayoleta usingizi ni jambo la kusema.

Kwa hivyo sema athari ya dawa, usiseme ugonjwa. Mathalani, andika hivi: "Daktari amenipa dawa inayoweza kuleta usingizi kwa siku 5. Ameshauri nisiendeshe mashine wakati huo. Naomba nipewe kazi nyingine au likizo ya ugonjwa. Cheti kimeambatishwa." Maneno hayo yanatosha. Yaandike kwa barua au kwa ujumbe wa simu, na uweke nakala.

Ukishasema, mzigo unamwendea mwajiri. Sheria hiyo hiyo inamtaka ahakikishe usalama na afya ya watu wote wanaofanya kazi kwake. Meneja aliyeonywa kwa maandishi, kisha akakulazimisha kurudi kwenye mashine, amejitia matatani.

Dereva naye akumbuke jambo moja. Sehemu ya 44 ya Sheria ya Trafiki haitaji pombe peke yake, yataja pia dawa. Ukishika usukani ukiwa umelemewa na dawa hata huwezi kulimudu gari, barua ya daktari haitakuokoa mbele ya hakimu.

UKIUMIA KAZINI

Ikiwa maumivu yenyewe yametokana na ajali ya kazini, mathalani umeangukiwa na gunia bandarini au umeteguka mgongo ghalani, basi gharama za matibabu, zikiwemo dawa, ni za mwajiri chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Ripoti ajali hiyo mara moja, hata kama yaonekana ndogo. Maumivu ya mgongo yana tabia ya kungoja siku kadha kabla ya kuuma sawasawa, na kufikia hapo mwajiri aweza kudai uliumia nyumbani.

KIPIMO CHA MKOJO

Baadhi ya kampuni, hasa za usafiri na ulinzi, huwapima wafanyakazi mkojo kutafuta dawa za kulevya. Yafaa ujue kwamba kodini ikiingia mwilini, sehemu yake hugeuka kuwa mofini. Kwa hivyo kipimo cha haraka chaweza kuonyesha alama ile ile kwa mtu aliyemeza kodini ya daktari na kwa mtu aliyetumia heroini. Kipimo cha kina cha maabara ndicho kinachoweza kuzitenganisha.

Kabla ya kupimwa, taja dawa unazotumia na uonyeshe maagizo ya daktari. Matokeo yakija na alama mbaya, omba kwa maandishi kwamba sampuli hiyo ipimwe tena kwa kina kabla hatua yoyote haijachukuliwa.

UKIITWA OFISINI

Sehemu ya 44 ya Sheria ya Ajira inamruhusu mwajiri kumfuta mtu papo hapo ikiwa amelewa saa za kazi hata akawa hawezi, au hataki, kufanya kazi yake ipasavyo. Sheria haikutaja pombe kwa jina, na hapo ndipo mgonjwa anapoweza kunaswa. Lakini hata katika kosa hilo, sehemu ya 41 yamtaka mwajiri akueleze tuhuma kwa lugha unayoielewa, na akusikilize kabla ya kuamua. Una haki ya kuja na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe.

Nenda na mwenzako huyo. Beba cheti, maagizo ya daktari na nakala ya ujumbe uliompelekea msimamizi. Usitie saini karatasi ya kukiri kosa au ya kujiuzulu kwa sababu umetishwa.

Ukifutwa, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha sababu yake. Unaweza kumpelekea afisa wa leba malalamiko katika muda wa miezi 3 tangu siku ya kufutwa, au uende Mahakama ya Ajira na Masuala ya Leba kabla ya miaka 3 kupita. Ikionekana umeonewa, mahakama inaweza kuamuru ulipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, au urudishwe kazini.

MAMBO SITA YA KUKUMBUKA

1. Mweleze daktari unafanya kazi gani. Daktari asiyejua kwamba wewe ni dereva hawezi kukuchagulia dawa inayokufaa. Muulize: dawa hii italeta usingizi? Nimeze saa ngapi? Kwa siku ngapi? Je, ipo nyingine isiyolaza?

2. Meza kipimo cha kwanza ukiwa nyumbani, jioni au siku ya mapumziko, uone mwili wako unavyopokea. Usikijaribie kwenye usukani.

3. Weka tembe katika pakiti yake yenye jina lako. Tembe zilizofungwa kwa kipande cha gazeti hazina ushahidi.

4. Usimgawie mwenzako dawa yako, hata akilia. Kipimo kinachokufaa wewe chaweza kumdhuru yeye.

5. Usiache ghafla dawa kali uliyoitumia kwa wiki kadha. Mwili huzoea, na kuacha mara moja huleta jasho, kutapika na kukosa usingizi. Daktari atakupunguzia polepole. Ukiona unaitamani hata maumivu yakiwa yameisha, mwambie daktari bila haya, au piga simu ya NACADA, nambari 1192.

6. Usijinyime dawa kwa hofu ya kazi. Mtu mwenye maumivu makali pia hafanyi kazi vizuri; akili yake yote iko pale panapouma.

Nanyi waajiri mnaosoma ukurasa huu, fikirini hesabu hii. Siku tano za kumpa mtu kazi nyepesi ya karani, au ya kupanga bidhaa ghalani, ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na kidole kilichokatwa, lori lililopinduka au kesi mahakamani. Mfanyakazi anapowaambia ukweli kuhusu dawa zake, msimfanye ajute, kwa maana wenzake wote wanatazama. Wakiona amefutwa kwa kusema, wao watanyamaza, na mtakuwa na watu wanaosinzia kwenye mashine bila ninyi kujua.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi, msomaji, leo hii kabla hujalala, tafuta cheti chako na maagizo ya daktari, uvitie pamoja ndani ya bahasha, na kesho uende navyo kazini.