Kabla hujamleta mzazi mgonjwa Nairobi, itazame nyumba kwanza

Tangu mwaka huu uanze, watu wanne kutoka nyumbani wamenipigia simu wakiwa na swali moja. Mmoja yuko Likoni, wawili Kisauni, na mmoja Mtwapa. Mzazi anaugua, wanaomwangalia wamechoka, na mtoto anayefanya kazi Nairobi anaambiwa, "Mchukue wewe, huko kuna hospitali kubwa." Wananiuliza mimi kwa sababu nilifanya hivyo. Mamangu alipatwa na kiharusi akiwa Kisauni Februari 2025, na mwezi uliofuata nikamleta hapa Mukuru kwa Njenga ninakoishi na mke wangu na watoto wetu wawili. Haya ndiyo majibu yangu kwao, na kwa yeyote ambaye zamu yake haijafika.

Wengi wetu tukipanga safari hiyo huhesabu nauli, hospitali na dawa. Nami nilihesabu hivyo hivyo. Nilichosahau ni nyumba, na nyumba ndiyo iliyotutesa kuliko ugonjwa wenyewe.

Ghorofa ya nne

Kwa asiyepajua, Mukuru kwa Njenga iko mashariki mwa Nairobi, katika eneo bunge la Embakasi Kusini, jirani na viwanda. Sehemu kubwa ni nyumba za mabati za chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, zilizopangwa pande mbili za ujia mwembamba. Pembeni mwake ni Pipeline, magorofa ya kupangisha yaliyobanana hata vyumba vya chini havioni jua. Watu huishi huku kwa sababu kodi ni nafuu na mtu anaweza kwenda kibaruani kwa miguu.

Sisi tulikaa kwenye mabati mpaka Novemba 2021, nyumba zilipobomolewa kupisha barabara na makumi ya maelfu ya watu wakabaki bila makao. Tukahamia Pipeline, ghorofa ya nne. Tukajiona tumepata: ukuta wa mawe, choo ndani, na hatulali tukiwaza tingatinga.

Mama alikuja kwa treni hadi Syokimau. Safari hiyo haikuwa na taabu. Taabu ilianza kwenye ngazi, maana jengo halina lifti. Vijana wanne walimbeba juu ya kiti cha plastiki, mmoja akiushika mkono wake uliopooza usigonge ukuta. Mama alijifunika uso kwa leso. Baadaye aliniambia kwamba hata siku aliyoanguka hakuona haya kama siku ile.

Kila siku ya kliniki ilikuwa hivyo, kushuka na kupanda, na vijana hulipwa. Kliniki moja tuliiahirisha kwa kukosa wabebaji, iliyofuata tukaikosa kabisa. Presha yake ikapanda. Siku nyingine zote alikuwa kitandani akitazama ukuta wa jengo la pili. "Mumenipandisha mnazini, mukenda zenu," akasema. Baada ya wiki tano tukaanza kutafuta nyumba nyingine.

Mambo ya kutazama kwenye nyumba

Tulirudi Kwa Njenga, kwenye ploti ya mawe isiyo na ghorofa yenye vyumba kumi na viwili na uwa mmoja. Majirani wa Pipeline walituona tunarudi nyuma. Lakini safari hii tuliikagua nyumba kwa macho ya mgonjwa, na haya ndiyo tuliyoyatazama.

La kwanza ni mlango. Kiti cha magurudumu cha kawaida kina upana wa sentimita 65 hivi, na milango mingi ya ploti ni myembamba. Tulipima kwa kamba kabla ya kulipa amana. Kizingiti nacho tulikiwekea kibao cha mteremko.

La pili ni choo. Vyoo vingi vya ploti ni vya kuchuchumaa, na vimejengwa juu ya vidato viwili vitatu. Mtu aliyepooza upande mmoja hawezi kuchuchumaa. Fundi wa mbao alitutengenezea kiti chenye tundu, ndoo ikakaa chini yake, kikawekwa pembeni mwa kitanda nyuma ya pazia. Hakuna dawa iliyompa mama heshima yake kama kiti hicho.

La tatu ni maji. Huku maji hununuliwa kwa mitungi ya lita 20, na kuna siku mifereji haitoi. Mgonjwa huongeza shuka, leso na ndoo za kuoshwa. Kwetu ni mitungi minne zaidi kwa siku. Uliza maji hutoka siku gani na huuzwa wapi, kisha tia gharama hiyo kwenye kodi unapolinganisha nyumba.

La nne ni njia. Kwenye vijia vya mabati gari haliingii. Sisi tulichagua ploti iliyo hatua kama hamsini kutoka barabarani. Lango hufungwa saa tano usiku, kwa hiyo tulidai ufunguo wetu kabla ya kuhamia. Ugonjwa haungoji msimamizi wa ploti aamke.

La tano ni mafuriko. Nyumba ya chini ina hatari yake. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliingia majumbani Mukuru, hasa karibu na mto Ngong. Usimuulize mwenye nyumba, waulize wapangaji maji yalifika wapi mwaka ule. Mtu asiyeweza kuinuka hafai kulala palipofurika.

La sita ni baridi. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai mzee wa pwani huteseka. Nunua blanketi na soksi. Usiwashe jiko la makaa chumbani ukafunga mlango mkalala. Moshi wake usioonekana huua familia nzima.

Watu huniuliza pia kuhusu nyumba za serikali. Tarehe 20 Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za kwanza za mtaa mpya wa Mukuru, mradi uliopangiwa nyumba 13,248. Ukibahatika kupata, ni jambo la heri. Lakini na yenyewe ni magorofa, kwa hiyo aliye na mgonjwa aulize mapema kuhusu nyumba za chini.

Kadi ya mzazi ni yake mwenyewe

Kosa langu la pili lilikuwa bima. Mimi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi kwa ajili ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Nilidhani mama yumo. Niliambiwa hayumo tukiwa tayari dirishani, naye kwenye kiti akinisubiri, na siku hiyo nikalipa taslimu.

Kwa SHA, kaya ni mchangiaji, mume au mke wake, na watoto wanaomtegemea. Mzazi wako huhesabiwa kuwa kaya nyingine. Lazima asajiliwe kwa kitambulisho chake, kwa simu kupitia *147# au kwa wanaosajili vituoni. Asiye na mshahara huulizwa maswali ya kupima uwezo wake, kisha hupangiwa mchango wa mwaka mzima unaolipwa kwa pamoja. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Wasioweza kulipa kwa mkupuo wamewekewa mpango wa Lipa SHA Pole Pole. Mtoto anaweza kumlipia mzazi, na usingoje alazwe ndipo ukimbilie kulipa.

Jambo jingine ni kwamba huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu hazimtaki mtu awe amelipa mchango, bora awe amesajiliwa. Kwa mgonjwa wa presha hilo ni kubwa. Tuliacha kuvuka mji kwa ajili ya kupimwa presha tu. Mama hupimwa karibu na nyumbani, na hospitali kubwa huenda siku za daktari wake.

Kazi ya kila siku, na nani huifanya

Mgonjwa asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi huchubuka na vidonda vyake ni vigumu kupona. Hulishwa akiwa amekaa wima, kidogo kidogo, na asilazwe mpaka ipite nusu saa, maana kiharusi huharibu hata kumeza. Viungo hunyooshwa kama daktari wa mazoezi alivyoelekeza, na miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Dawa ya presha haikatizwi eti kwa kuwa leo anajisikia vizuri. Na kila mtu wa nyumbani, hata mtoto, ajue dalili: uso kwenda upande, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito. Mojawapo ikitokea ni hospitali mara moja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze.

Kuyaandika ni rahisi. Kwetu yote yalimwangukia mke wangu. Aliacha kibarua chake kiwandani, na mimi nikawa narudi jioni nikiuliza mama ameshindaje, kama mgeni. Usiku mmoja, mwezi wa pili, akaniambia bila kupandisha sauti, "Mamako ana watoto wanne na mkaza mwana mmoja."

Sikuwa na jibu. Kesho yake niliwapigia ndugu zangu wote simu kwa pamoja, tukaandika nani atafanya nini. Kaka yetu aliyeko Maskati akachukua dawa na nepi. Dada wa Kisauni huja mwezi mmoja kila miezi mitatu. Mdogo wetu wa Kilifi ni mwalimu, huja likizo, na siku nyingine humpigia mama simu jioni amzungumzishe, maana ulimi nao unataka mazoezi. Kumwogesha mama ni kazi ya wanawake, kwa sitara yake, na jirani yetu Mkamba husaidia bila kuombwa. Mimi nikachukua usiku, kumgeuza, na kufua. Huku nilipoanza kuanika leso za mamangu uani, wanaume wenzangu walicheka siku mbili, kisha wakazoea.

Nawaambia wote wanaonipigia: kikao hicho kifanyeni kabla ya safari. Sisi tulikifanya tayari nyumba inawaka moto.

Mgonjwa naye amehama

Tulisahau kwamba mama hakuwa ameugua tu, alikuwa pia amehama. Kisauni alikuwa na nyumba yake, watu wakija kwake. Huku akawa mgeni wa kulishwa. Swali lake la kwanza Pipeline lilikuwa kibla, na chumba kile hakikuruhusu kitanda kugeuzwa. Nyumba hii tulianza na kitanda. Kimewekwa ili akikaa aelekee kibla, na mchanga safi wa kutayamamu uko kando yake. Mlango ukiwa wazi anaona uwa mzima.

Kisha mke wangu akampa kazi. Alianza kwa kuchambua mchele kwa mkono mzima, baadaye akajaribu na ule mwingine. Siku moja mke wangu alikuwa akikanda unga wa mahamri, mama akasema kwa ulimi ule mzito kwamba iliki ni kidogo na unga haujapumzika. Asubuhi ile wapangaji walikula wakaulizia zaidi. Siku hizi mke wangu huuza mahamri na mbaazi langoni kabla ya watu kwenda viwandani. Si fedha nyingi, lakini ni zake, na mama ndiye fundi. Uani wanamwita "shosho wa mahamri", na watoto wanaotoka shule humwamkia, "Shikamoo."

Hata hivyo, kila Ijumaa hunikumbusha, "Mwanangu, musije mukanizika bara." Zamani nilikuwa nikimnyamazisha. Sasa namjibu kwamba tumesikia, na ndugu wote wanajua. Tangu tuanze kumjibu hivyo analala vizuri zaidi.

Siku hizi anatembea kwa mkongojo kutoka kitandani hadi langoni. Tumepiga hesabu: fedha tulizotumia kuhama mara mbili na kulipa wabebaji wa ngazi zingetosha kumjengea Kisauni choo cha kukaa na njia ya saruji ya kiti chake. Dada angepata wa kumsaidia, na huenda mama asingehitaji kuja kabisa. Tumeanza kukijenga choo hicho. Kikiisha, yeye mwenyewe atachagua akae wapi.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Likoni, Kisauni na Mtwapa, jibu langu si ndiyo wala la. Tazameni choo, mlango, njia na mikono itakayomhudumia, huko aliko na huku mnakotaka kumleta, halafu mumuulize mwenyewe. Mimi sikumuuliza mamangu. Nilimpelekea tiketi.