Herufi Kubwa na Ngeli: Kanuni za Majina katika Msimbo wa Programu

1.0 Utangulizi
Makala haya yanaeleza kanuni za kuunda majina katika msimbo wa programu na kuonyesha kwa nini zinawahusu wanaisimu na watunga sera wa Kiswahili. Mashine haihitaji jina lenye maana. Anayelihitaji ni binadamu atakayeusoma na kuurekebisha msimbo huo.

2.0 Desturi na sheria
Kwa kuwa jina haliruhusiwi kuwa na nafasi ndani yake, maneno huunganishwa kwa njia mbili kuu. Mwongozo wa Python uitwao PEP 8, wa mwaka 2001, unapendekeza kistari cha chini: jumla_ya_ada. Watumiaji wa Java hufuata mtindo wa ngamia, ambapo herufi kubwa huchomoza kama nundu: jumlaYaAda. Hizo ni desturi. Anayezikiuka huwachosha wasomaji, lakini programu yake hufanya kazi. Katika lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, herufi kubwa ni sheria: jina Ada huonekana nje ya kifurushi chake, ilhali ada hubaki ndani. Sheria hiyo inaegemea hati zenye herufi kubwa na ndogo. Hati ya Kiarabu, iliyotumika kuandika Kiswahili kwa karne nyingi, haina tofauti hiyo; jina lililoandikwa kwayo halionekani nje mpaka litanguliwe na herufi kubwa ya hati nyingine.

3.0 Umoja na wingi
Mfumo wa Ruby on Rails hulipa jedwali la data jina la wingi, nao huunda wingi huo kwa kanuni za Kiingereza. Hivyo, Kitabu hutafutiwa jedwali liitwalo kitabus. Kiswahili huonyesha wingi mwanzoni mwa neno, tena kwa kufuata ngeli: mtu huwa watu, bali mti huwa miti. Kanuni inayotazama herufi pekee haiwezi kuyatofautisha maneno hayo. Mtayarishaji hulazimika kuufundisha mfumo jozi moja moja.

4.0 Hitimisho
Makala haya yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, ikubaliwe iwapo kihusishi cha -a unganifu kibaki katika jina (jumlaYaAda) au kidondoshwe (jumlaAda). Pili, iandaliwe orodha ya pamoja ya jozi za umoja na wingi. Bila makubaliano hayo, nchi jirani zitaandika msimbo kwa lugha moja na bado zishindwe kusomana.