Kabichi iliyododa Mute yageuka kimchi, kimchi yaokoa kiporo

Ukitoka Kilambo na gunia la kabichi, adui wako wa kwanza ni saa. Kabichi imekwisha kusafiri kutoka Lushoto au Iringa hadi Mtwara, imelala sokoni siku moja au mbili, kisha inangoja chombo cha kuvuka Ruvuma. Ng'ambo, Namoto, inangoja tena gari la Palma. Ikifika kijiji kama Mute, kusini mwa mji huo, majani ya nje yamelegea na mnunuzi anashusha bei kabla hajaigusa.

Nilifikia Mute kwa mama mmoja anayeuza mboga mbele ya nyumba yake. Jioni ya kwanza alibakiwa na vichwa vitano vya kabichi. Kwa hesabu yake viwili vingeliwa nyumbani, vitatu vingekuwa vya mbuzi. Nikamtajia kimchi, kabichi ya kuchachusha ya Wakorea, na wali unaokaangwa nayo. Hakuuliza ladha. Aliuliza inakaa siku ngapi.

Korea si mbali na wilaya hii kama ramani inavyoonyesha. Huko baharini inaelea Coral Sul, mtambo wa kugandisha gesi uliojengwa na Samsung Heavy Industries huko Geoje, ukaondoka Korea Novemba 2021 na kupakia shehena ya kwanza Novemba 2022. Shirika la gesi la Korea, KOGAS, lina asilimia 10 katika mradi. Lakini mfanyabiashara asije akaniwekea mzigo kichwani akidhani nimemwonyesha soko la Wakorea. Watu wa mitambo hulishwa na wazabuni wenye mikataba. Soko ninalolisema ni zile kabichi tatu za mbuzi.

Kimchi ni jamaa wa achari, na achari Mute haihitaji mkalimani: Mmakwe, Mmwani na Mmakonde wote wanaijua. Tofauti ni kwamba kimchi haitiwi siki wala ndimu. Uchachu wake unatoka ndani ya mboga yenyewe, chumvi ikizuia vijidudu vya kuozesha na kuwaacha vile vya kuchachusha wafanye kazi. Wakorea huitengeneza kwa wingi kabla ya majira ya baridi, familia na majirani wakikusanyika. Desturi hiyo, kimjang, iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2013. Hata pilipili yake ni mgeni kama yetu, ilitoka Amerika. Piripiri ya Kireno cha Msumbiji na pilipili ya Mtwara ni kitu kimoja.

Wao hutumia kabichi ndefu ya Kichina. Sisi tulitumia hii ya mviringo, nayo ilikubali. Tulikata kilo mbili vipande vya kuingia mdomoni, tukasugua na nusu kikombe cha chumvi, tukaacha saa tatu hadi ikalegea na kutoa maji. Tukaiosha mara tatu na kuikamua. Kando tulipika uji mwepesi wa vijiko viwili vya unga wa mchele, ulipopoa tukautia kichwa kizima cha kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, kijiko cha sukari, na kamba wakavu waliosagwa mahali pa mchuzi wa samaki wa Wakorea. Pilipili ya unga, vijiko viwili tu. Ya kwao ni nyekundu sana lakini pole. Ukifuata kipimo chao kwa pilipili yetu, watoto hawatakula.

Changanya, shindilia chupani mpaka maji yafunike mboga, acha nafasi juu. Kwa joto la pwani, kesho yake inaanza kutoa mapovu. Siku ya tatu imechacha vizuri. Bila friji haitasimama hapo, itazidi kuwa kali kila siku, na hiyo kwa wali si hasara: kimchi kali ndiyo inayofaa kukaangwa. Ukiona ukungu, mwaga yote.

Na usikaze mfuniko. Mimi niliikaza chupa yangu, nikaipakia kwenye begi kwenda Palma. Njiani mfuniko uliruka kwa kishindo na supu nyekundu ikamwagikia kapulana ya dada niliyekaa naye. Katika wilaya iliyoshambuliwa Machi 2021, ambako watu walikimbia na walichovaa, kishindo ndani ya gari si mzaha. Gari zima lilinyamaza. Nililipa sabuni na nikaomba radhi hadi tunashuka.

Sasa wali. Hapa Mkorea na mtu wa pwani wanaelewana, maana chakula hiki ni kiporo. Wali mpya hugeuka bokoboko kikaangoni. Ila kiporo cha kukaa nje usiku kucha kwenye joto letu msikitumie: wali una bakteria ambao sumu yao haiondoki hata ukiukaanga tena. Mama alipika wali mweupe, bila nazi, akautandaza kwenye siniya upoe upesi, na saa moja baadaye tukaukaanga.

Kikombe kimoja cha kimchi iliyokatwa ndogo kinatangulia kwenye mafuta ya moto, dakika tano, mpaka kingo zianze kuungua kidogo. Ikiwa kali mno, sukari kidogo. Kisha vikombe vitatu vya wali na vijiko viwili vitatu vya maji ya kimchi. Ugandamize wali chini, uuache ushike ukoko. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa thamani ya ukoko. Mwisho mafuta ya ufuta, kijiko kimoja, na yai la kukaanga juu. Wakorea wengi huweka nyama ya nguruwe. Sisi tuliweka dagaa, na sidhani tulikosa kitu.

Anayetaka kuuza avuke na hesabu mbili. Kabichi mbichi inadai cheti cha afya ya mimea, kwa upande wa Tanzania hutolewa na TPHPA. Chupa ya kimchi ni chakula kilichosindikwa, na huko mpakani ni mlango mwingine wa maswali. Mwenye kabichi Mute aichachushe na kuiuza Mutemute, kwa bakuli, pamoja na wali.

Yule mama aliuza bakuli sita mchana ule, na wateja wawili walirudisha yao wakisema imechacha. Nilipokuwa nafunga begi alikuwa ameshaacha kabichi. Alikuwa anamenya papai bichi, akipima chumvi kwa kiganja.