Somo wa Bibi: Jina Liwe Heshima, Lisiwe Ugomvi



Mtoto wa kike azaliwapo katika nyumba zetu za pwani, baada ya kumshukuru Mola swali huwa moja: atakuwa somo wa nani? Ni desturi njema tuliyoirithi, mjukuu kuchukua jina la bibi yake, ili jina lisizikwe pamoja na mwenyewe.

Desturi hii haipingani na dini. Mtume wetu (S.A.W.) alipopata mwana kwa Bi Mariya, alimwita Ibrahim, kwa jina la baba yake, Nabii Ibrahim (A.S.). Bi Fatima (R.A.) naye, binti zake Zaynab na Ummu Kulthum walibeba majina yaleyale ya dada zake.

Tunalolisikitikia ni lingine. Siku ya saba yafika, mbuzi wa akika ameshachinjwa, wageni wameketi mkekani, na mtoto hana jina. Upande wa baba wasema jina ni la bibi mzaa baba. Upande wa mama wajibu kwamba bibi mzaa mama ndiye anayemkanda mzazi na kumwosha mtoto siku zote arubaini. Heshima iliyokusudiwa yageuka kununiana, na mzazi angali kitandani.

Ibn al-Qayyim, katika kitabu chake Tuhfat al-Mawdud, ameeleza kwamba wazazi wakikhitilafiana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Lakini haki si fimbo. Qur'ani Tukufu, katika Surat Aal Imran, yatusimulia kwamba mama ndiye aliyemwita binti yake Maryam. Basi mume mwema humshauri mkewe, na hufanya hivyo mimba ingali changa, si mbele ya wageni. Bibi ambaye jina lake halikuchukuliwa asihisi ametupwa: aombewe dua, atolewe sadaka ikiwa amefariki, azuriwe ikiwa yu hai. Heshima ya mzazi haikai katika jina peke yake.

Pili, itazamwe maana. Binti mmoja wa Sayyidna Umar (R.A.) aliitwa Asiya kwa aini na sadi, maana yake mwenye kuasi, Mtume (S.A.W.) akambadilisha jina, akamwita Jamila. Asiya wa mke wa Firauni ni jina jingine, huandikwa kwa sini, nalo ni tukufu. Kwa herufi zetu za Kiswahili yote mawili yafanana, kwa hiyo mwenye shaka na aulize. Ama Mwanajuma na Mwanahamisi, ambayo vijana huyaonea haya wakiyaita ya kizamani, hayana ubaya wowote: ni majina ya siku tu.

Tatu, jina liandikwe kwa tahajia moja. Aisha wa cheti cha kuzaliwa asiwe Esha shuleni na Aysha katika kitambulisho, maana usumbufu wake humfuata mtoto hadi utu uzima.

Mwisho, binti akipata akili, asimuliwe habari za somo wake: swala zake, ukarimu wake, subira yake. Jina bila ya habari ni sauti tupu. Likiwa na habari, ni wasia.

Mwenyezi Mungu awajaalie binti zetu wawe kitulizo cha macho yetu, na awarehemu mabibi zetu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.