Ngiri iliyokataa kurudi haingoji kupambazuke

MTU wa Voi anaposema ana mshipa, huenda anataja mojawapo ya maradhi mawili yasiyo na uhusiano wowote. Ya kwanza ni ngiri: kipande cha utumbo, au mafuta yaliyo tumboni, hupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo na kujitokeza kama uvimbe, aghalabu kwenye kinena. Ya pili ni busha, yaani maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani. Yote mawili huonekana karibu mahali pamoja, na ndiyo maana lugha ya mitaani ikayatia katika kapu moja. Lakini mwenye busha anaweza kuishi nalo miaka mingi bila hatari ya ghafla, ilhali ngiri iliyobanwa inaweza kumuua mtu katika siku moja au mbili.

Maradhi hayo hushughulikiwa na madaktari wa upasuaji wa jumla, pamoja na kidole tumbo, bawasiri, uvimbe wa matiti, majipu makubwa na vidonda vya kisukari visivyopona. Katika orodha hiyo yote, ngiri ndiyo iliyozoeleka mno hata ikadharauliwa. Inakadiriwa kwamba wanaume 27 katika kila 100 hupata ngiri ya kinena wakati fulani maishani mwao, ikilinganishwa na wanawake watatu katika kila 100.

Chanzo chake ni mambo mawili yanapokutana: ukuta dhaifu na msukumo wa ndani. Udhaifu huo baadhi ya watu huzaliwa nao, wengine huupata kwa umri. Msukumo hutokana na kikohozi cha muda mrefu, kujikamua chooni, tezi dume iliyofura inayomlazimu mzee kusukuma mkojo, ama kazi za kubeba mizigo. Taita Taveta haikosi kazi za aina hiyo: kuna mashamba ya mkonge Mwatate, machimbo ya vito upande wa Kasigau na mikungu ya ndizi Taveta. Hata hivyo, si haki kuulaumu mzigo peke yake, kwani makarani wanaoshinda vitini nao huugua ngiri.

Mwanzoni uvimbe hutoka mtu anaposimama au kukohoa, na hurudi ndani akilala chali. Hapo ndipo wengi hujifariji. Maadamu unarudi, mgonjwa huona hana haja ya kupoteza siku ya kazi akipanga foleni hospitalini. Tatizo ni kwamba tundu lenyewe halizibiki kwa dawa ya kumeza, wala ya kupaka, wala kwa mshipi wa kufunga kiunoni. Kadiri miaka inavyopita ndivyo utumbo mwingi zaidi unavyoshuka.

Siku moja utumbo hushuka na shingo ya tundu ikaubana. Kwanza mishipa inayorejesha damu huzibwa, utumbo ukafura, na kufura huko kukazidisha kubanwa. Hatimaye damu mpya nayo hushindwa kuingia. Saa sita hivi zaweza kutosha kuufanya utumbo uanze kufa. Uvimbe huwa mgumu, hauguswi kwa maumivu, na haurudi hata mgonjwa akilala. Hufuatia kutapika, tumbo kujaa, na kukosa choo pamoja na upepo.

Mgonjwa aliyefikia hali hiyo hapaswi kula wala kunywa, na wala asipelekwe kwa mkandaji. Kuusukuma uvimbe kwa nguvu kunaweza kuupasua utumbo uliokwisha kudhoofika, au kuurudisha tumboni ukiwa umekufa, nao ukamwaga uchafu ndani. Anapaswa kuanza safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Na safari hiyo si jambo dogo. Kaunti hii ina ukubwa wa kilomita mraba 17,084, na takriban asilimia 62 ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo. Watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019 wanaishi milimani na kandokando ya mbuga hizo. Hospitali ya Rufaa ya Moi iko mjini Voi, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Nyingine za umma ziko Wesu juu ya Wundanyi, Mwatate na Taveta. Kutoka Taveta hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100. Mgonjwa wa Rukanga au Bungule, chini ya Mlima Kasigau, hana budi kutafuta gari au pikipiki ya kumfikisha kwanza Maungu, katika nyika ambamo ndovu hutembea usiku.

Mwaka wa 2015 jopo la kimataifa la jarida la kitabibu la The Lancet lilipendekeza kwamba kila mtu aweze kuifikia hospitali yenye uwezo wa kufanya upasuaji wa dharura katika muda wa saa mbili. Jopo hilo lilikadiria kuwa watu bilioni tano duniani hawawezi kupata upasuaji salama na wa bei nafuu. Mtu anayeishi mbali na lami anaelewa takwimu hiyo bila kufafanuliwa.

Umbali huo unapaswa kubadilisha hata ushauri wenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2006, ukihusisha wanaume 720, ulionyesha kwamba mwenye ngiri isiyomsumbua anaweza kusubiri huku akichunguzwa, kwa kuwa ni wachache mno waliopatwa na dharura. Lakini takriban robo ya waliopangiwa kusubiri walifanyiwa upasuaji katika miaka miwili, hasa kwa sababu ya maumivu. Aidha, kusubiri huko ni kwa mtu ambaye gari la wagonjwa humfikia kwa dakika chache. Kumshauri mchimbaji wa Kasigau asubiri vivyo hivyo ni kumpa ushauri uliokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Upasuaji uliopangwa mapema ni mdogo. Mgonjwa hudungwa ganzi mgongoni au kwenye kinena chenyewe, pengine bila nusukaputi, na kazi huchukua saa moja hivi. Daktari huurudisha utumbo, kisha huimarisha ukuta kwa nyuzi au kwa kipande cha wavu maalumu. Wavu huo wa kiwandani ni ghali, na ndipo Uganda ikatoa funzo. Katika utafiti uliofanywa mashariki mwa nchi hiyo na kuchapishwa mwaka wa 2016, wanaume 302 walitiwa ama wavu wa kiwandani ama wavu wa bei nafuu wa aina ya chandarua, uliosafishwa na kuuliwa viini. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu kati ya waliotiwa wavu wa bei nafuu, na haikurudi kwa yeyote katika kundi la pili. (Haina maana kwamba mtu akate chandarua chake nyumbani.)

Kwa watoto, ngiri ya kinena haifai kuahirishwa, kwani hubanwa kwa urahisi zaidi. Kitovu kilichojitokeza ni jambo jingine: vingi hujifunga vyenyewe kabla ya mtoto kufikisha miaka mitano, na sarafu inayobandikwa juu yake haisaidii kitu ila kuleta vidonda.

Busha, kwa upande wake, mara nyingi Pwani hutokana na minyoo ya matende, inayoenezwa na mbu. Taita Taveta ni miongoni mwa kaunti sita za Pwani zilizoorodheshwa kuwa na ugonjwa huo. Dawa zinazogawiwa jamii hukatiza maambukizi, lakini haziondoi maji yaliyokwisha kujaa. Kuyanyonya kwa sindano ni kazi bure, kwa sababu hurudi, na sindano yenyewe yaweza kuingiza viini. Upasuaji ndio tiba.

Dharura ya pili ya kuogopwa ni kidole tumbo. Maumivu huanzia kitovuni, kisha huhamia chini upande wa kulia. Mgonjwa hukosa hamu ya chakula, hutapika na kupata homa. Watoto wengi wameonywa kwamba mbegu za mapera ndizo chanzo, ingawa kwa kawaida kinachoziba kijitundu hicho ni kinyesi kilichokauka au uvimbe wa tezi zake. Dawa ya kuendesha ni hatari hapa. Utafiti wa Marekani wa 2020 uliohusisha watu 1,552 ulionyesha kuwa baadhi wanaweza kutibiwa kwa viuavijasumu pekee, ila karibu watatu katika kila 10 waliishia kupasuliwa katika siku 90. Kwa mwanamke, ni lazima kwanza ihakikishwe kwamba si mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba.

Bawasiri nyingi hazihitaji kisu, bali maji, mboga na matunda, ingawa mtu wa makamo anayetokwa na damu chooni anapaswa kupimwa saratani kabla ya kuambiwa ni bawasiri. Naye aliyeumwa na kifutu asifungwe kamba mguuni: sumu ya nyoka huyo huua nyama, na kamba huongeza sehemu itakayokatwa.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua mahali pa NHIF, mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, usiopungua Sh300 kwa mwezi. Wasio na ajira rasmi hutakiwa kulipa wa mwaka mzima, hivyo anayepanga upasuaji ni vyema ajisajili na kulipa kabla ya kupewa tarehe.

Baada ya kushonwa, mgonjwa wa ngiri hutembea siku hiyo hiyo au ya pili yake, lakini mizigo mizito huiacha kwa wiki nne hadi sita. Aendaye kwa dharura ajibu maswali matatu akiwa mlangoni: uvimbe ulikataa kurudi saa ngapi, alikula mara ya mwisho saa ngapi, na ni dawa gani amekwisha kumeza.