Ugomvi wa Wajukuu wa Victoria

Ndugu msikilizaji, reli ya zamani ya kati inayopita Manyoni na Itigi, mkoani kwetu Singida, ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani. Haikupita miaka mingi, reli hiyo ikawa mikononi mwa serikali ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Shuleni tulifundishwa kwamba Mjerumani alitoka na Mwingereza akaingia. Lisilosemwa sana ni kwamba wafalme hao wawili walikuwa wajukuu wa bibi mmoja.

Bibi huyo ni Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza tangu 1837 hadi 1901. Yeye na mumewe Albert, Mjerumani wa ukoo wa Saxe-Coburg na Gotha, walizaa watoto 9, na wajukuu wao wakafika 42. Binti yao wa kwanza, aliyeitwa Victoria kama mama yake, aliolewa mwaka 1858 katika ukoo wa Hohenzollern, watawala wa Prussia. Mwaka uliofuata akamzaa Wilhelm. Mdogo wake, Edward, ndiye aliyerithi kiti cha Uingereza, kisha akakirithi mwanawe George.

Kwa hesabu yetu ya udugu, Edward alikuwa mjomba wa Wilhelm, na mama yake Wilhelm alikuwa shangazi wa George. Vijana hao ni mabinamu hasa. Bibi yao alipokata roho Januari 1901, Wilhelm alikuwa kando ya kitanda chake. Hata Tsar Nicholas wa Pili wa Urusi alikuwa mkwe humo humo, kwa maana mkewe Alix alikuwa mjukuu wa Victoria.

Udugu huo ndio uliozaa hadithi kwamba Victoria alimpa mjukuu wake mlima Kilimanjaro kama zawadi. Hadithi hiyo si kweli. Mpaka ulipatanwa kati ya serikali mbili mwaka 1886, ilhali Wilhelm alikuwa Kaiser mwaka 1888. Nchi yetu iligawanywa kwa hesabu za biashara na nguvu, wala si kwa mapenzi ya bibi.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mabinamu hao walipoingia vitani Agosti 1914, babu zetu hawakuachiwa nafasi ya kushika jembe. Walitwishwa mizigo. Pande zote mbili zilihitaji wapagazi wa kubeba risasi na chakula porini, kwa miaka minne. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinataja vifo vya wapagazi wao zaidi ya 40,000, wengi wakiuawa na maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

Mabinamu wenyewe je? Mwaka 1917 George aliona aibu ya kuwa na jina la Kijerumani, akalibadili jina la ukoo likawa Windsor. Nicholas aliuawa na familia yake Julai 1918. Wilhelm alikimbilia Uholanzi Novemba mwaka huo, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1941. Ukoo wa Windsor uliendelea: Elizabeth wa Pili, mjukuu wa George, alikuwa Malkia wa Tanganyika tangu uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, hadi tulipokuwa Jamhuri mwaka mmoja baadaye.

Basi, ndugu msikilizaji, udugu wa wakubwa si mkataba wa amani kwa wadogo. Tena liko la kujiuliza. Wajukuu wa Victoria wanajulikana kwa majina na tarehe za kuzaliwa. Mpagazi aliyefia njiani hana kaburi linalojulikana, na ukoo wake umeandikwa vichwani mwa wazee tu. Wazee hao wanapungua kila mwaka. Jioni ya leo chukua daftari, kaa na babu au bibi, umwulize: baba yake babu alikuwa nani, na vita ile ilimkuta wapi?

Hadi juma lijalo, kwaheri.