Igeuze Mpaka Uone Klorini Inapobanwa

Wanafunzi wa kidato cha sita wanaokuja kwangu hapa Mjimwema siku za Jumamosi hawakuikuta klorokwini, dawa ya malaria ya zamani. Wazazi wao ndio wanaokumbuka muwasho wake. Mwaka 2001 Tanzania iliiweka kando, ikaja dawa ya SP. Mwaka 2006 SP nayo ikapisha dawa mseto, maana vimelea vilikuwa vimeshakuwa sugu. Leo SP tunaiona zaidi kliniki, wajawazito wakipewa kama kinga. Swali ninaloanza nalo ni hili: usugu huo unakaa wapi? Kimelea kimebadilika nini, mahali gani?

Mahali hapo panajulikana. Mwaka 2003 watafiti wa Thailand, Yongyuth Yuthavong akiwa miongoni mwao, walichapisha umbo la DHFR, kimeng'enya cha kimelea ambacho pirimethamini, nusu mojawapo ya SP, hukiziba. Mafaili yake yamo katika Benki ya Data ya Protini iliyoanzishwa 1971, na kuyapakua ni bure. Sisi huanza na mawili: 1J3I, la kimeng'enya ambacho hakijabadilika, na 1J3J, la kimeng'enya chenye mabadiliko mawili na pirimethamini ikiwa ndani. Ndani ya faili hakuna picha. Kuna safu za namba, kila atomi na x, y na z yake, kwa kipimo cha angstromu: milimita moja ukiigawanya mara milioni kumi.

PyMOL, programu aliyoianzisha Warren DeLano, ndiyo inayogeuza namba hizo kuwa umbo. Ukibonyeza kitufe cha kushoto cha mausi na kuvuta, umbo linazunguka. Cha kulia kinalisogeza karibu au mbali. Cha kati kinalihamisha. Kwanza, hata hivyo, weka kitovu cha mzunguko kwenye dawa yenyewe. Usipofanya hivyo, ukishaikaribia na kuvuta kidogo tu, dawa inatoka nje ya kioo.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu watu wengi hupapita. Mnunuzi mnadani anaweza kumzunguka ng'ombe aliyesimama, au akamwomba mwenyewe amgeuze kwa kamba. Macho yanaona yaleyale, ila katika njia ya pili ng'ombe hayupo tena alivyokuwa amesimama. Kwenye PyMOL amri ya "turn" inamzungusha mtazamaji, na namba za atomi zinabaki zilivyo. Amri ya "rotate", ukiitajia atomi, inazibadili namba zenyewe. Ukiwa na umbo moja hutaona tofauti. Ukiwa nayo mawili uliyokwisha kuyalaza moja juu ya jingine kwa amri ya "align", ukazungusha moja peke yake, ulinganisho wote umevurugika.

Yakishalala sawasawa, tunatafuta nafasi ya 108. Kwenye 1J3I pana serini, asidi amino ndogo. Kwenye 1J3J pana asparajini, iliyo kubwa zaidi. Ukitazama kutoka mbele, asparajini na dawa zinafunikana, huoni cha maana. Geuza polepole kwa mhimili wa wima mpaka ziachane, utaona asparajini imeisogelea klorini iliyoko nchani mwa pirimethamini. Nafasi imebana. Mchoro wa ubaoni hauwezi kuonyesha jambo hili, na mimi nimechora mingi.

"Sasa mwalimu, si dawa ijikunje tu?" aliniuliza binti mmoja. Ni swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa chumbani humu. Pirimethamini haiwezi: pete zake mbili zimeungana moja kwa moja, hakuna pa kukunjia. Ila WR99210, kizuizi kingine cha kimeng'enya hikihiki, ina mnyororo katikati, na kila bondi moja katika mnyororo huo inaweza kuzunguka. Tulifungua 1J3K, kimeng'enya chenye mabadiliko manne, tukaiona imekaa ndani bila kuigonga asparajini. Kwa wazo hilohilo la mnyororo unaokunjika, kundi la Thailand lilibuni kizuizi kipya, P218, likakitangaza mwaka 2012.

Muhula ujao tutafungua 4YY8, umbo la protini nyingine ya kimelea, Kelch 13. Badiliko lake la R561H, linalohusishwa na usugu kwa artemisinini, limeshapatikana Kagera, na artemisinini ndiyo mama wa dawa mseto tunayoitegemea. Nitawapa mausi, waitafute wenyewe nafasi ya 561.